Mwana wa mkulima aliyenunua Ferrari, akaishia kuunda Lamborghini

MAVUNO yakiwa mazuri na bei ikubali, kila mtu huwa na lake la kufanyia pesa. Wapo wanaoongeza ng'ombe wa maziwa, wapo wanaonunua ploti, na wapo, tusidanganyane, wanaokimbilia gari.

Ferruccio Lamborghini alikuwa wa kundi hili la mwisho. Tofauti yake na wengine ni kwamba gari alilolinunua lilimkasirisha, na hasira hiyo ikazaa kiwanda.

Alizaliwa Aprili 28, 1916 katika kijiji cha Renazzo, eneo la Cento, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake, Antonio na Evelina, walikuwa wakulima wa zabibu. Kijana mwenyewe alivutiwa zaidi na mashine za shambani kuliko shamba, na akaenda kusomea ufundi karibu na Bologna.

Mnamo 1940 alichukuliwa jeshini, upande wa wanahewa, akapelekwa kisiwa cha Rhodes kutengeneza magari ya kijeshi. Kisiwani vipuri havikuwa vya kuagiza tu, hivyo fundi alilazimika kutoa kifaa katika gari bovu ili kuliokoa jingine. Vita vilipokwisha mnamo 1945 Waingereza walimshika mateka, na hakurejea nyumbani hadi 1946.

Mwaka uliofuata mkewe, Clelia, alifariki akimzaa mtoto wao wa kiume, Tonino.

Wakati huo alikuwa na gereji ndogo Pieve di Cento, ya kiwango cha jua kali zetu. Alitazama mashamba ya majirani akaona wanahitaji trekta lakini hawana uwezo wa kununua mpya. Aidha, aliona magari ya kijeshi yaliyoachwa baada ya vita yakiuzwa kwa bei ya chini.

Akachukua injini za Morris za silinda sita kutoka kwa magari hayo na kuziundia trekta. Petroli ilikuwa ghali Italia kwa sababu ya ushuru, kwa hivyo akabuni kifaa kilichowezesha injini kuwashwa kwa petroli kisha kuendelea kufanya kazi kwa dizeli. Mkulima aliyepiga hesabu ya mafuta hakuhitaji kushawishiwa sana. Mnamo 1948 kampuni ya trekta ikaanzishwa rasmi, na kufikia miaka ya 1960 ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa za trekta nchini humo. Baadaye aliongeza biashara ya vifaa vya kupasha nyumba joto.

Lakini ugonjwa wa mbio ulikuwa umemwingia mapema. Mwaka huohuo wa 1948 aliingia katika mashindano ya Mille Miglia akiendesha kigari cha Fiat Topolino alichokiongezea nguvu yeye mwenyewe. Alikwenda takribani kilomita 1,100, kisha akagonga ukuta wa mkahawa mjini Fiano, karibu na Turin. Hakushindana tena.

Pesa za trekta zilipoanza kuingia, alinunua magari moja baada ya jingine: Alfa Romeo, Lancia, Mercedes-Benz 300SL, Jaguar E-Type, Maserati. Mnamo 1958 alisafiri hadi Maranello, si mbali na kwao, akanunua Ferrari 250 GT.

Msomaji aliyezoea pikapu inafaa aelewe gari hilo lilikuwa mnyama wa aina gani. Injini yake ilikuwa ya lita tatu tu, lakini yenye silinda 12, na iliweza kulipeleka gari zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Usukani haukuwa na msaada wowote wa mashine. Mwendo ukiwa mdogo mikono ndiyo iliyofanya kazi yote.

Kuliendesha kulikuwa ni kujifunza upya, hata kwa fundi. Injini kama hiyo huwa na usingizi ikizunguka polepole, na nguvu yake huamka mlio unapopanda. Dereva hujifunza kubadilisha gia kwa sikio. Breki hukanyagwa kabla ya kona, si ndani yake. Na kwa kuwa magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, ukiharakisha kukanyaga mafuta kabla kona haijaisha, mkia wa gari huteleza kutaka kukupita. Ukiweza kuubembeleza mkia huo usikupite, basi umeonja raha ambayo watu huilipia mamilioni.

Bonde la mto Po alikoishi ni tambarare, lenye barabara ndefu zilizonyooka. Mnamo 1959 barabara kuu mpya kutoka Milan ilifika Bologna. Kwa mtu mwenye gari kama hilo na umri wa miaka 40 na ushei, hapo palikuwa peponi.

Shida ilikuwa klachi. Kila gari lenye nguvu linapoondolewa kwa pupa, sahani ya klachi huteleza kwanza kabla ya kushika, na kuteleza huko huleta joto. Joto likizidi, sahani huungua na kuliwa. Mwenye matatu yeyote anaijua harufu hiyo. Ferrari ya Lamborghini ilirudi Maranello mara kwa mara, mafundi wakaichukua ndani ambako hakuruhusiwa kuona wanachofanya, na baadaye klachi ikaharibika tena. Pia hakupenda kelele zake wala jinsi ndani kulivyomaliziwa ovyo kwa gari la bei ile.

Mwishowe aliifungua katika karakana yake ya trekta. Kwa masimulizi yake mwenyewe ya uzeeni, alikuta klachi ya aina ileile aliyoiweka kwenye trekta zake, akaweka kubwa zaidi na tatizo likaisha. Alisimulia pia kwamba alipompelekea Enzo Ferrari malalamiko, aliambiwa kuwa dereva wa trekta hawezi kuelewa gari la Ferrari. Wapo wanaotilia shaka kisa hicho. Mimi naona hata bila tusi hilo angejaribu, kwa kuwa mfanyabiashara aliyeona udhaifu wa bidhaa ya bei ghali halali usingizi.

Mnamo 1963 alijenga kiwanda Sant'Agata Bolognese. Mhandisi Giotto Bizzarrini, aliyekuwa ametoka Ferrari, alimuundia injini ya silinda 12. Gari la kwanza lilipopelekwa maonyesho ya Turin mwaka huo, boneti ilifungwa muda wote kwani injini haikuingia. Toleo lililokamilika, 350 GT, lilionyeshwa Geneva mnamo Machi 1964.

Nembo ikawa fahali, kwa kuwa alizaliwa chini ya nyota ya Ng'ombe. Mnamo 1966 ikaja Miura, iliyopewa jina la wafugaji wa mafahali wa Uhispania, injini yake ikiwa imelazwa nyuma ya kiti cha dereva. Wahandisi wake vijana walianza kuichora nje ya saa za kazi. Yanayokisiwa kuwa magari 760 hivi yaliundwa kabla ya kukoma mnamo 1973.

Magari yalileta sifa. Trekta ndizo zilizolipa bili. Hapo ndipo palipovunjika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mnunuzi wa Afrika Kusini alifuta oda zake, na oda kubwa ya Bolivia ikafutwa baada ya serikali kupinduliwa. Trekta zilikuwa tayari zimeundwa, na wafanyakazi hawakuweza kuachishwa kazi kwa urahisi.

Hatimaye aliuza kampuni ya trekta kwa SAME. Mnamo 1972 aliuza asilimia 51 ya kampuni ya magari kwa Mswisi, Georges-Henri Rossetti, na mnamo 1974 iliyobaki ikamwendea René Leimer.

Yeye alihamia La Fiorita, shamba kando ya Ziwa Trasimeno, akarudi kwenye kazi ya wazazi wake: mizabibu. Divai yake moja aliiita Sangue di Miura, yaani damu ya Miura.

Alifariki Februari 20, 1993 mjini Perugia akiwa na miaka 76, akazikwa Renazzo. Tangu 1998 magari ni ya Audi. Trekta zenye jina lake bado zinauzwa, chini ya wamiliki wengine kabisa.