Allidina Visram: Biashara kubwa iliyokaa mkononi mwa mtu mmoja

MTAA wa Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, unajulikana na wengi kwa vichochoro vyake vyembamba na kwa jamatkhana ya Makhoja Waismailia. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaa huo pamoja na jirani zake, Ndia Kuu na bandari ya majahazi, ndiko biashara ya kisiwa ilikofanyika. Pembe za ndovu zilipimwa huko, ngozi zikafungwa, na majora ya merikani yakahesabiwa kabla ya kupelekwa bara. Miongoni mwa Waismailia walioifanya Mombasa kitovu cha shughuli zao, hakuna aliyefika mbali kama Allidina Visram.

Alipofariki dunia mwaka 1916, jina lake lilikuwa juu ya milango ya maduka kutoka pwani hadi mipaka ya Kongo. Idadi inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya maduka 240. Pengine hesabu hiyo ichukuliwe kwa tahadhari, maana tajiri akishakufa maduka yake huwa na tabia ya kuongezeka. Hata yakipunguzwa, bado yanabaki mengi kuliko ya mfanyabiashara mwingine yeyote wa zama zake katika Afrika Mashariki, na ndiyo maana huko Uganda alizoeleka kuitwa mfalme asiye na taji. Hata hivyo, haikutimia miaka kumi tangu kifo chake, biashara hiyo ikawa haipo tena.

Allidina alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, jimbo la Kutch, magharibi mwa India. Mwaka 1863, akiwa mvulana wa miaka 12, alivuka bahari akafika Bagamoyo, mji uliokuwa mlango wa misafara iendayo Tabora na Ujiji. Hakuja na mtaji. Alikuja kutumikia, na jina linalohusishwa zaidi na mwanzo wake ni la Sewa Haji Paroo, tajiri wa misafara ambaye jina lake limesalia katika jengo mojawapo la hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Bagamoyo ilikuwa chuo cha biashara kisicho na ubao wala chaki. Msafara ulihitaji nguo, shanga, waya na chumvi za kutosha miezi mingi, pamoja na mamia ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliopaswa kulipwa na kulishwa njiani. Mali hiyo aghalabu ilichukuliwa kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja, na mkopo haukulipwa mpaka pembe zilipofika pwani. Katikati kulikuwa na homa, vita na utoro. Mfanyabiashara wa Bagamoyo hakuuza nguo tu, bali aliuza pia subira yake na uwezo wake wa kukisia nani atarudi na nani hatarudi.

Allidina alipoanza kutuma misafara yake mwenyewe, aliona jambo ambalo wengi waliliona lakini hawakulifanyia kazi. Msafara ulikuwa ukipita tu. Ulinunua pembe na kuondoka, nao wakazi wa njiani wakabaki na nta, ufuta, asali na ngozi zao hadi msafara mwingine utokee. Duka lingekaa. Mtu mmoja, chumba kimoja na shehena ndogo ya bidhaa vingeweza kununua kidogo kidogo mwaka mzima kile ambacho msafara ungekinunua kwa pupa mara moja. Basi akaanza kufungua matawi katika njia za misafara, na Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina alikuwa tayari miongoni mwa wakubwa wa njia hiyo.

Wakati huohuo mambo yalikuwa yakigeuka kaskazini. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, na mwishoni mwa mwaka 1901 reli hiyo ikafika Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa Kisumu leo. Vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walipoteza maisha. Watu hao walihitaji mchele, dengu, samli na nguo, kila siku, katika nyika isiyo na soko. Allidina alihamishia uzito wa biashara yake Mombasa na kuifuata reli, akifungua duka kila penye kituo cha maana. Hakuingoja reli ifike Uganda, kwani kufikia mwaka 1898 alikwishakuwa na duka Kampala, likihudumiwa bado na wapagazi.

Maduka hayo yalifanya kazi moja ambayo mara nyingi husahauliwa, nayo ni ya benki. Benki ya National Bank of India ilifungua tawi Mombasa mwaka 1896, lakini Nairobi ilingoja hadi mwaka 1904 na Entebbe hadi 1906. Katika pengo hilo, mwenye kutaka rupia bara alikwenda kwa Allidina. Ofisa wa serikali au mmisionari aliweka fedha Mombasa, akapewa hundi, akaipeleka katika tawi la mbali na kulipwa. Mishahara ya wafanyakazi wa reli nayo ilipitia mikononi mwa watu wake. Hivyo fedha haikuhitaji kusafirishwa kwa mabegi, nalo duka lilipata mtaji wa kuzungusha bila kuukopa kwa riba. Karatasi ile ilikuwa na thamani kwa sababu moja tu, kwamba watu walimwamini aliyeitia sahihi.

Lililo gumu zaidi katika biashara ya namna hii si mali, ni watu. Tawi lililoko majuma kadhaa ya mwendo kutoka makao makuu haliwezi kukaguliwa kila mwezi. Simu ya waya ilifuata reli, lakini haikufika kila duka. Njia aliyoitumia Allidina, kama walivyofanya matajiri wengine wa Kihindi lakini kwa kiasi kikubwa kuliko wote, ilikuwa kuwaleta vijana kutoka Kutch na Gujarati, wengi wakiwa wa jamaa zinazojuana. Kijana alipokewa bandarini, akapewa chakula, malazi na ujira mdogo, akawekwa chini ya karani mzoefu ajifunze vipimo, daftari na lugha za wateja. Nyuma ya duka ndiko alikolala. Akithibitika, alipelekwa tawi lake.

Udhibiti haukuwa katika ukaguzi bali katika jina la ukoo. Aliyeiba Jinja alijua kwamba habari zitafika kijijini kwao kabla yake. Aidha, kulikuwa na tumaini. Baada ya miaka kadhaa, msaidizi mwaminifu aliweza kuondoka na bidhaa kwa mkopo na kufungua duka lake mwenyewe, akiendelea kununua kwa tajiri wake wa zamani. Kwa kufanya hivyo Allidina alipoteza mfanyakazi akapata mteja, na maduka mengi ya Uganda yalianza kwa njia hiyo. Mfumo huo, lakini, ulikuwa na mipaka ambayo haifai kufichwa. Waafrika walibeba, walipakia, walilima na kuendesha mashine, lakini daftari na ufunguo wa sanduku la fedha havikuwafikia. Uaminifu uliojengwa juu ya ujamaa ulimfungia nje kila asiye wa jamaa hiyo.

Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1900, Allidina aliingia katika uzalishaji. Muuza duka hununua ngozi na ufuta kwa bei ya shamba na kuviuza kwa bei ya bandari, lakini faida kubwa zaidi humwendea anayevigeuza kuwa kitu kingine. Akaanzisha mashamba ya kujaribu mazao, viwanda vya soda, karakana za samani Kampala na Entebbe, na viwanda vya mbao Uganda na Nyeri. Kisumu aliweka kinu cha kukamua ufuta, na pwani kinu cha kukamua mbata. Mombasa ikapata kiwanda cha sabuni. Mpangilio huo ulikuwa na mantiki yake: mafuta ya mbata ni malighafi ya sabuni, nayo sabuni ilikuwa na treni ya kuipandisha bara na safu ya maduka iliyokwisha kuwepo ikiisubiri.

Pamba nayo ilimvuta. Ilipoanza kulimwa na wakulima wa Uganda kuanzia mwaka 1903 hivi, tatizo lilikuwa uzito. Pamba itokayo shambani, theluthi mbili za uzito wake ni mbegu, na anayeisafirisha bila kuichambua hulipa nauli ya mbegu. Allidina aliweka viwanda vidogo vya kuchambua pamba Entebbe na Mombasa, akawa miongoni mwa Wahindi wa kwanza kuingia katika kazi ambayo baadaye ingewatajirisha wengine wengi.

Fedha yake ilitumika pia nje ya biashara. Mwaka 1900, Jumuiya ya Wahindi wa Mombasa ilipoundwa, yeye na A. M. Jeevanjee walikuwa miongoni mwa wafadhili wake.

Penye nguvu za biashara hiyo ndipo palipokuwa na udhaifu wake. Haikuwa kampuni yenye hisa zilizogawanywa wala bodi ya wakurugenzi. Ilikuwa Allidina Visram. Deni la duka la mbali lilikuwa deni lake, na ahadi ya karani wake ilikuwa ahadi yake. Sehemu kubwa ya mali ilikuwa mikopo iliyotapakaa mikononi mwa mamia ya wenye maduka madogo, na aliyejua nani adaiwe, nani asamehewe na nani aongezwe muda alikuwa mtu mmoja, ambaye hata alipozeeka aliendelea kusafiri kutoka tawi hadi tawi. Katika umri wa zaidi ya miaka 60 alikuwa bado katika safari hizo.

Vita vya mwaka 1914 viliikata biashara vipande viwili, maana matawi yake mengine yalikuwa upande wa Wajerumani. Mwaka 1916, inaelezwa kwamba alirejea kutoka safari ya Kongo akiwa na homa, nayo homa hiyo ikamuua.

Mwanawe, Abdulrasul, alirithi maduka, mashamba na viwanda, lakini kumbukumbu ya baba yake haikuwa miongoni mwa mirathi. Wakati wenyewe haukumhurumia. Mwaka 1920 serikali iliipandisha thamani ya rupia kutoka shilingi moja na peni nne za Uingereza hadi shilingi mbili, na kwa hiyo kila aliyedaiwa kwa rupia akajikuta mzigo wake umeongezeka kwa nusu kwa hesabu ya fedha za Uingereza. Bei za mazao, pamba ikiwemo, ziliporomoka muda huohuo. Wenye maduka madogo walishindwa kulipa, na aliyewakopesha akabaki na madaftari. Abdulrasul naye alifariki mwaka 1923, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 biashara ilikuwa imevunjika. Maduka yaliendelea kuwepo, ila mbao za milangoni zilibadilishwa, nyingine zikiandikwa majina ya wale waliowahi kulala nyuma ya duka.

Kabla ya kifo chake, Abdulrasul alikuwa ametoa fedha za kujenga shule ya kumkumbuka baba yake. Shule hiyo, Allidina Visram, ilifunguliwa kisiwani Mombasa mwaka huohuo wa 1923, na ingali ikifundisha. Sanamu ya mwenye jina ilikuja kusimamishwa katika bustani ya Treasury Square, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kuze.