Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (28 Februari 1911 – 23 Machi 1993) alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi nchini Uganda kwa karibu miaka 20. Anajulikana hasa kwa kutambua kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumboni, ukiwemo ule wa ovari, uliohesabiwa kuwa magonjwa mbalimbali ya watoto, ulikuwa saratani moja. Leo saratani hiyo huitwa limfoma ya Burkitt.

Maisha ya awali

Alizaliwa Enniskillen, mji ulioko sasa katika Ireland ya Kaskazini. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Alianza kusomea uhandisi katika Trinity College, Dublin, lakini akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza, akahudumu pia Kenya na Somalia. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, wakajaliwa mabinti watatu.

Mwaka 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Huko aliona kwamba ugonjwa wa busha ulikuwa wa kawaida upande wa mashariki wa wilaya, lakini nadra upande wa magharibi. Tangu hapo alizoea kuuliza ugonjwa unapatikana wapi, na wapi haupatikani. Mwaka 1948 alihamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Ugonjwa mmoja, viungo vingi

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mvulana aliyevimba pande zote nne za taya. Muda mfupi baadaye, huko Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama huo, na mwingine tumboni. Alipopekua kumbukumbu za wagonjwa, alikuta kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa nao pia kwenye figo, ini au, kwa wasichana, kwenye ovari zote mbili.

Mpaka wakati huo kila uvimbe ulipewa jina kufuatana na kiungo ulipoonekana. Burkitt alichapisha maelezo yake mwaka 1958. Wanapatholojia wa Mulago, Jack Davies na Gregory O'Conor, walionyesha kwa hadubini kwamba seli zake ni za limfoma.

Utambuzi huo ulibadilisha matibabu. Kukata taya au kuondoa ovari hakukutosha kumponya mtoto ambaye ugonjwa umeshaenea. Burkitt aligeukia dawa kama methotreksati na siklofosfamidi, na baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu.

Safari ya mwaka 1961 na visiwa vya Unguja na Pemba

Mwaka 1961 Burkitt, pamoja na madaktari Ted Williams na Clifford Nelson, alisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akitembelea hospitali njiani. Ugonjwa ulionekana kwenye joto na mvua, ukakosekana kwenye nyanda za juu.

Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Unguja na Pemba zilitoa ushahidi muhimu: hali ya hewa yake ni kama ya pwani ya bara iliyo jirani, lakini malaria ilikuwa imepunguzwa sana kwa kampeni iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, na uvimbe huo ulikuwa nadra huko.

Wakati huohuo, sampuli alizopeleka London zilimwezesha Anthony Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, kugundua mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr. Kwa kuwa virusi hivyo huambukiza watu wengi duniani bila kuwaletea saratani, peke yake havitoshi kueleza ugonjwa. Malaria ya mara kwa mara huchangia kwa kudhoofisha kinga ya mtoto dhidi yake.

Miaka ya mwisho

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Huko alijulikana tena kwa kutetea vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, akilinganisha magonjwa ya Ulaya na yale aliyoyaona Afrika. Alifariki Gloucester akiwa na umri wa miaka 82.