Hiram Revels: Seneta aliyewekewa pingamizi la uraia kwenye nchi aliyozaliwa

Februari 1870, Hiram Revels alikuwa Washington akisubiri kuapishwa. Bunge la jimbo la Mississippi lilishamchagua kuwa seneta kwa kura 81 dhidi ya 15. Kilichobaki ni kiapo tu. Kumbe bado kulikuwa na kizingiti.

Katiba ya Marekani inataka seneta awe na miaka 30, awe raia kwa miaka 9 na awe mkazi wa jimbo lililomchagua. Revels alikuwa na miaka 42. Maseneta wa chama cha Democratic wakang'ang'ania ile miaka 9.

Hoja yao ilitoka kwenye kesi ya Dred Scott. Mwaka 1857, Mahakama ya Juu iliamua kuwa mtu mweusi mwenye asili ya Afrika, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani. Uamuzi huo ulifutwa na sheria ya mwaka 1866 na Marekebisho ya 14 ya Katiba ya mwaka 1868. Kwa hesabu zao, basi, Revels alikuwa raia wa miaka miwili, au minne akihurumiwa.

Wala hakuwa mgeni. Alizaliwa huru Fayetteville, North Carolina, mwaka 1827. Alifanya kazi ya kinyozi, akasoma, akawa mchungaji wa kanisa la African Methodist Episcopal. Mwaka 1854 alifungwa Missouri kwa kuwahubiria watu weusi. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alisaidia kuandikisha wanajeshi weusi upande wa Kaskazini.

Seneti ilibishana siku tatu. Waliomtetea, akiwemo Charles Sumner wa Massachusetts, walishikilia kuwa uamuzi wa Dred Scott ulikuwa batili tangu mwanzo. Wengine walikumbusha kuwa Revels aliwahi kupiga kura Ohio miaka mingi nyuma.

Sharti la miaka 9 halikutaja rangi. Lakini likisomwa kwa jicho la wapinzani, lingewafungia mlango wa Seneti karibu weusi wote kwa miaka kadhaa zaidi. Yaani sheria imnyime mtu uraia, halafu imwadhibu kwa kuchelewa kuupata.

Februari 25, pingamizi lilianguka kwa kura 48 dhidi ya 8. Revels akaapishwa, mtu mweusi wa kwanza kuingia Bunge la Marekani.

Hakukaa sana. Kiti hicho kilikuwa wazi tangu Mississippi ijitenge mwaka 1861, na muhula uliobaki uliisha Machi 1871. Ila hotuba yake ya kwanza iliwatetea weusi wa Georgia, jimbo ambalo mwaka 1868 liliwafukuza wabunge wake weusi kwa madai kwamba haki ya kupiga kura si haki ya kushika wadhifa.

Baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Chuo cha Alcorn, Mississippi. Alifariki Januari 16, 1901.

Kufikia hapo, katiba mpya ya Mississippi ya mwaka 1890 ilikuwa imewaondoa weusi wengi kwenye daftari la wapiga kura, kwa kodi ya kura na mtihani wa kusoma. Vifungu hivyo navyo havikutaja rangi.