Sayyid Barghash na tufani ya mwaka 1872

Kila masika yakiingia, sisi wana wa Visiwani tulio ughaibuni tukipiga simu nyumbani, baada ya kujuliana hali suala la kwanza ni mvua, na la pili karafuu. Tabia hiyo tumeirithi, na ina historia yake.

Wengi humkumbuka Sayyid Barghash bin Said kwa jumba la Beit el Ajaib alilolijenga mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Leo tunamkumbuka kwa mtihani uliomfika kabla ya jumba hilo.

Barghash alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, aliyevigeuza visiwa vyetu kuwa shamba la karafuu la dunia, na mama yake alikuwa Mhabeshi. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, Sayyid Majid, akashindwa kwa nguvu za Waingereza, akahamishiwa Bombay. Sisi tunaoijua ladha ya kuishi mbali na kwetu tunaelewa kwamba mtu akiwa ugenini hutazama sana wenzake wanavyoendesha mambo yao. Alirejea baada ya miaka kama miwili, na Majid alipofariki Oktoba 1870 akakalia kiti.

Aliikuta nchi imetoka kupigwa na kipindupindu cha 1869 na 1870, kilichoua maelfu ya watu. Kisha, Aprili 1872, ikaja tufani. Unguja iko karibu na mstari wa ikweta, mahali ambapo vimbunga ni nadra, kwa hivyo hakuna aliyejiandaa. Mikarafuu mingi ya Unguja iling'oka, minazi ikalala, na meli za Sultani zikavunjika bandarini. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kuanza kuzaa, basi aliyepoteza shamba siku ile alipoteza pato la miaka.

Kabla majeraha hayajapona, mwaka 1873 Uingereza ikamtuma Bartle Frere kudai biashara ya utumwa ikomeshwe. Barghash alijitetea kwamba tufani imekwisha kuwafilisi watu wake. Hakusikilizwa, na kwa tishio la manuwari akatia saini mkataba Juni 1873. Tuseme kweli: mashamba yale yalisimama juu ya migongo ya watumwa, na dai la kukomesha biashara ile lilikuwa la haki, ingawa lililetwa kwa mtutu.

Kilichoiokoa nchi ni Pemba, ambayo tufani haikuidhuru sana. Karafuu zilipoadimika bei ikapanda, matajiri wakakimbilia kupanda Pemba, na watumwa wakaendelea kupelekwa huko kwa magendo. Unguja nayo ikapanda tena mti ule ule. Miche ilipoanza kuzaa, bei ikashuka. Hapo ndipo tunapomlaumu Barghash na matajiri wa zama zake: waliuona mti mmoja ukiangusha nchi nzima, wakaurudia.

Lakini katika maji alifanya la kukumbukwa. Watu wa mjini walikuwa wakinywa maji ya visima vilivyochafuka, na kipindupindu kilikwisha kuwafunza. Barghash akajenga mfereji wa kuleta maji ya chemchem kutoka nje ya mji hadi mjini, maskini akayapata kama tajiri. Alinunua pia meli za moshi zilizofanya safari za Bombay, ili biashara isitegemee upepo wa msimu peke yake.

Alifariki Machi 1888, huku Wajerumani na Waingereza wamekwisha kumega milki yake ya bara.

Tunayaeleza haya kwa sababu Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, na huko Pemba maji ya bahari yanaingia katika mabonde ya mpunga. Bahari na mvua hazitabiriki kama zamani. Anayeamini kimbunga hakifiki kwetu ndiye anayekutwa hajajiandaa, kama walivyokutwa wazee wetu. Tupande miti ya kila aina, tuhifadhi chemchem, tusiiweke riziki ya nchi kwenye tawi moja.

Mungu amrehemu Sayyid Barghash, na awarehemu pia wale wasio na majina waliozichuma karafuu zile.