Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama, Wakili wa Mali ya Watu

Kila mwaka mavuno yakiisha kuingia ghalani, wazee wa sharika zetu hukaa pamoja na kuulizana habari za sadaka. Paa la kanisa lavuja, mwinjilisti hajapata posho yake, na kitabu cha ahadi kina majina mengi yasiyo na alama mbele yake. Ndipo huanza maneno: mmoja ataka watu wahimizwe kwa upole, mwingine ataka washurutishwe, wa tatu ashauri tuandike barua kwa rafiki zetu wa ng'ambo. Tumeyasikia maneno hayo Musoma, tumeyasikia Bunda, na vijijini kote twayasikia.

Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza maisha ya mtu mmoja wa nchi hii ya Mara, ambaye wengi wenu mwamjua kwa jina, lakini labda hamjamfikiri kwa habari ya uwakili. Hakuwa wa Kanisa letu, alikuwa Mkatoliki. Wala hatumtaji kana kwamba hakukosa. Twamtaja kwa sababu alikabidhiwa mali nyingi isiyo yake, na siku ya kuiacha aliiacha, akarudi kulima kijijini kwake.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Siku hiyo mvua kubwa ilinyesha, na kwa hiyo akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa desturi ya Wazanaki. Baba yake alikuwa Chifu Burito Nyerere, na mama yake Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano kati ya wake ishirini na wawili wa chifu. Ingawa alikuwa mtoto wa chifu, alikua kama watoto wengine wa kijiji, akichunga mbuzi na kula alichokula kila mtu.

Yafaa tukumbuke kazi ya machifu wa siku zile. Serikali ya Waingereza iliwatumia kukusanya kodi ya nyumba na ya kichwa. Mtu aliyeshindwa kulipa alijua kwamba askari watamfuata. Basi watu wa vijiji vyetu walizoea tangu zamani kuona mkono wa mkubwa ukinyoshwa kuchukua, nao hawakuulizwa kama wapenda au hawapendi. Neno hili tutalirudia, maana mazoea hayo hayajatutoka, hata ndani ya kanisa.

Mwaka 1934, akiwa na miaka kumi na miwili, kijana alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa maili 26 kwa miguu. Mwaka 1937 akaenda shule ya serikali ya Tabora. Baba yake alifariki mwaka 1942. Tarehe 23 Desemba 1943 alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, katika misheni ya Mapadre Weupe, akachagua jina la Julius. Mwaka huo huo alikuwa ameingia Makerere, Uganda, kujifunza ualimu; akamaliza mwaka 1945, akafundisha Tabora katika shule ya Wakatoliki ya Mtakatifu Maria. Kisha mwaka 1949 akasafiri mpaka Edinburgh, Uskochi, akarudi mwaka 1952 na shahada yake.

Aliporudi Butiama, watu walitazamia kumwona msomi wa Ulaya ameketi kitini akiwaagiza wengine. Badala yake alijenga nyumba ya udongo kwa mikono yake, akikanyaga tope yeye mwenyewe. Wengine walishangaa, maana kwao elimu ilikuwa njia ya kuukimbia udongo. Mwezi wa Januari 1953 alifunga ndoa Musoma na Maria Gabriel Magige, kisha akaenda kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Sasa twafika penye jambo la kwanza la kutufundisha. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilianzishwa, naye akawa rais wake. Chama hakikuwa na tajiri wa kukilisha. Kiliishi kwa ada na michango ya wanachama: wakulima, wachuuzi, makuli wa bandarini, na akina mama wengi walioingizwa chamani na Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 ilipotakiwa mjumbe aende New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, fedha ya safari ilichangwa na watu kama hao. Aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi na mshahara wake, akarudi kwao. Kwa muda alipata riziki kwa kumfundisha padre mmoja Mmarekani lugha ya Kizanaki, na kumsaidia kutafsiri maandiko ya dini katika lugha hiyo.

Fikirini, ndugu. Mtu aliyetumwa kwa senti za maskini hawezi kujisahau kwa urahisi. Senti ile ina uso, ina jina. Ni ya mama aliyeuza samaki, ni ya mzee aliyepunguza tumbaku yake. Mtunza hazina wa usharika naye huketi mbele ya meza ya namna hiyo kila Jumapili, na fedha iliyo mbele yake ni ya namna ile ile.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, naye akawa waziri mkuu. Baada ya wiki chache tu, Januari 1962, alijiuzulu cheo hicho, akazunguka vijijini kukiimarisha chama. Desemba mwaka huo akawa rais wa nchi. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa moja, na Askofu Stefano Moshi akawa mkuu wake wa kwanza. Hivyo Kanisa letu na nchi yetu vilianza safari karibu wakati mmoja, na swali lilikuwa moja kwa wote wawili: je, mtu aliyezoea kulelewa ataweza kujitegemea?

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kukataa sheria ya kuwataka watumikie taifa kwa sehemu ya mshahara wao. Rais aliwasikiliza. Walipomweleza juu ya mishahara mikubwa ya wakubwa wa serikali, alikasirika sana. Lakini hasira yake haikuwaangukia wanafunzi peke yao. Wao walirudishwa makwao, naye papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe, sehemu moja katika kila tano. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Viongozi walikatazwa kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, kuwa wakurugenzi wa makampuni ya watu binafsi, na kupangisha nyumba. Azimio lilifundisha pia kwamba taifa maskini likiweka tumaini lake katika fedha ya wageni limechukua silaha lisiyokuwa nayo. Kwamba msingi wa maendeleo ni watu, na ardhi, na siasa safi, na uongozi bora. Na fedha ni tunda tu la kazi.

Mwezi wa Oktoba 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya maili 130, ili kulitia nguvu Azimio hilo. Hakuwatuma wengine watembee huku yeye akiwatazama kutoka garini.

Makanisa nayo yaliguswa. Kwa sheria ya mwaka 1969 shule nyingi zilizojengwa na misheni ziliwekwa chini ya serikali, ili watoto wa dini zote wapate nafasi sawa. Wengine wetu waliumia, maana walikumbuka mawe waliyobeba wazee wao kuzijenga. Hata hivyo mwaka 1970, aliposema na masista wa Maryknoll huko New York, aliwaonya kwamba Kanisa lisiloshiriki mapambano ya maskini dhidi ya hali inayowakandamiza litaonekana kuwa upande wa wakandamizaji. Alilitaka Kanisa lisiishie katika kutoa msaada, bali likae pamoja na watu katika kazi yao.

Hapa hatuna budi kusema na upande wa pili, maana habari inayosifu tu haimfai msomaji. Mwalimu alikuwa amefundisha kwamba vijiji vya ujamaa vitajengwa kwa hiari, wala mtu hawezi kushurutishwa kuwa ndugu. Lakini mwaka 1973 ilitolewa amri kwamba watu wote wahamie vijijini kabla ya kwisha kwa mwaka 1976. Mkoa wa Mara ulihamishwa mwaka 1974, na mahali pengi nguvu ilitumika. Watu waliacha makaburi ya baba zao, na mashamba yaliyotiwa samadi miaka mingi. Watoto walipata shule na zahanati zilikaribia, hilo ni kweli. Lakini katika mashamba mengi ya ujamaa kazi ilifanywa kwa ulegevu, kwa sababu mtu aliyeletwa na lori la serikali huona hata jembe la kijiji kuwa la serikali. Kilichokusudiwa kuwa karama kiligeuka kuwa kodi.

Baadaye ikaja vita ya Kagera, mwaka 1978 mpaka 1979, na miaka ya uhaba, hata sabuni na sukari zikawa habari ya kusimuliwa. Mwalimu alikiri wazi kwamba makosa yalifanyika. Mwaka 1985 aliuacha urais kwa hiari yake, jambo ambalo wakuu wachache wa Afrika walikuwa wamelifanya, akarudi Butiama kulima. Aliendelea kuhudhuria misa kwa bidii kama alivyozoea. Tena alizitunga Injili nne na Matendo ya Mitume kwa mashairi ya Kiswahili, nazo tenzi hizo zikachapishwa mwaka 1996. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa ugonjwa wa saratani ya damu, akazikwa Butiama tarehe 23 mwezi huo. Miaka mingi aliyashika mamlaka juu ya hazina ya taifa zima, lakini hata waliochukia siasa yake hawakumhesabu kuwa mtu aliyejitajirisha kwayo.

Basi, wazee wa kanisa na walimu wa vijijini, twajifunza nini?

Kwanza, mkono wa kiongozi hutangulia. Alipotaka wakubwa wapunguziwe, alianza na mshahara wake. Usharika ukisikia habari za ahadi kutoka kwa mzee ambaye jina lake halina alama katika kitabu, neno lake laingia sikio hili na kutoka sikio lile. Tena kiongozi husoma hesabu mbele ya watu, mapato na matumizi, hata kama ni shilingi chache. Mahali ambapo hesabu haisomwi, watu hawaachi kutoa kwa sababu ya umaskini. Huacha kwa sababu ya mashaka.

Pili, tutoe tulicho nacho. Mkulima wa Butiama ana mtama na mihogo, wa Bunda ana pamba, mvuvi wa Musoma ana samaki, na mjane ana kuku na mayai. Vitu hivyo vikiletwa madhabahuni na kuuzwa kwa mnada baada ya ibada, ni sadaka kamili, si pungufu ya noti. Bwana wetu aliketi kuelekea sanduku la hazina akamwona mjane mwenye senti mbili. Hakumwambia angoje mpaka apate zaidi. Nasi tusingoje barua kutoka ng'ambo ili tuezeke paa ambalo miti yake yaota katika mlima wetu. Msaada wa ndugu wa mbali tuupokee kwa shukrani, lakini uje kama mgeni anayekuta moto umekwisha kuwashwa.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote: tusichukue kwa nguvu. Twajua jaribu hilo. Fedha isipotosha, mzee hushawishika kusoma majina ya wasiotoa mbele ya watu, au kumtishia mtu kwamba mtoto wake hatabatizwa, au kwamba hatazikwa na mchungaji. Kwa njia hiyo sanduku hujaa mwaka mmoja. Mwaka wa pili watu hukaa nyumbani. Kama amri ya serikali yenye askari na malori haikuweza kuufanya ujamaa upendwe, sisi wenye kitabu na kengele tutawezaje kuifanya sadaka ipendwe kwa vitisho? Kodi hutozwa, lakini sadaka hutolewa. Mtu akiitoza sadaka, ameigeuza kuwa kodi, na Mungu hana haja ya kodi yetu.

Tukiisha kusema hayo, hatuwapi ruhusa wale wanaojificha nyuma ya neno hiari ili wasitoe kabisa. Mwinjilisti asiyelipwa naye ana watoto. Mwenye hiari ya kweli hahitaji kufuatwa. Huamka mapema, huchagua debe lililo safi, na hufika kanisani kabla ya kengele.

Katika mkutano ujao wa wazee, kabla hamjafungua kitabu cha ahadi, someni kwanza hesabu ya mwaka uliopita mpaka senti ya mwisho. Kisha kila mzee aandike ahadi yake mwenyewe mbele ya wenzake. Baada ya hayo ndipo mwende nyumba kwa nyumba, mkiwa na maneno ya upole, na mikono isiyo na deni.