Lucy Wills, mganga aliyewaponyesha wamama wajawazito kwa chachu ya bia

Lucy Wills alizaliwa tarehe 10 mei 1888 karibu na mji wa Birmingham, inchini Uingereza. Alisoma kwanza elimu ya mimea huko Cambridge, kisha akaingia masomo ya uganga mjini London na kuyamaliza mwaka wa 1920.

Mwaka wa 1928 alisafiri kwenda Bombay, inchini India. Huko, wamama wajawazito waliofanya kazi katika viwanda vya nguo walikuwa wakipatwa na ugonjwa wa kukosa damu ambao mara nyingi uliua. Chembe nyekundu za damu yao zilikuwa chache, tena kubwa kupita kawaida. Damu ikipunguka hivyo, moyo hulazimika kupiga mbio. Ugonjwa ukizidi, hata mistari ya kipimo cha moyo inaweza kubadilika.

Lucy Wills aliangalia chakula. Aliona kwamba wanaougua zaidi ni maskini, wasiopata mboga, matunda wala nyama ya kutosha. Alilisha panya na nyani chakula kama cha wamama hao, nao wakakosa damu. Alipowapa chachu, walipata nafuu.

Akajaribu Marmite, kitu cha bei ndogo kinachotengenezwa kwa chachu ya bia, ambacho Waingereza hupaka kwenye mkate. Wamama walipona. Alitangaza matokeo hayo mwaka wa 1931. Baadaye alionyesha kwamba dawa safi ya maini, iliyotibu aina ingine ya anemia, haikuwasaidia wagonjwa hawa. Basi kilichokosekana kilikuwa kitu kingine, ambacho hakikuwa bado na jina.

Mwaka wa 1941, wachunguzi wa Marekani walikitoa katika majani ya mchicha wa kizungu. Wakakiita asidi foliki, jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani.

Lucy Wills hakuolewa wala hakupata utajiri kutokana na kazi hiyo. Alifariki tarehe 16 aprili 1964, akiwa na miaka 75.

Leo hii, mama mjamzito anapofika CPN na kupewa vidonge vya kuongeza damu, asidi foliki imo ndani pamoja na chuma. Kuvimeza kila siku ni kujikinga na ugonjwa ule ule wa Bombay.