Leo Fender: Fundi wa Redio Aliyeipa Besi Sauti

Mkaaji wa maghorofa ya Bugolobi, mjini Kampala, hana haja ya kuambiwa kwamba jirani kuna dansi. Jumamosi usiku, kabla ya kuisikia sauti ya mwimbaji au ya tarumbeta, huisikia besi. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, lakini mtetemo mzito wa besi hupenya saruji, ukatikisa vioo vya madirisha na vikombe kabatini. Sisi tunaofanya kazi katika kambi ya Mbuya, kilimani jirani na Bugolobi, tumeizoea sauti hiyo kama tulivyolizoea baragumu la alfajiri. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu waliopata kujiuliza ni nani aliyeipa besi nguvu hiyo.

Sisi wenyewe tulijiuliza baada ya kupata hasara. Miaka kadhaa iliyopita, maofisa wachache wenye mapenzi ya muziki tulichanga fedha tukanunua gitaa la besi na amplifaya yake, vyote vikiwa vimekwisha tumika, kutoka kwa bwana mmoja aliyekuwa akihama nyumba yake hapo Bugolobi. Gitaa tulilikagua kwa makini. Tulitazama kama shingo imepinda, tukabonyeza kila uzi toka juu hadi chini, tukazungusha vifundo vyote huku tukisikiliza kama vinakwaruza. Hatukusahau kudai hati ya mauziano yenye namba ya gitaa, maana wenzetu wa polisi wanajua vyema jinsi vyombo vya wizi vinavyouzwa kwa bei ya kutupa.

Amplifaya hatukuigeuza nyuma. Huko nyuma palikuwa na kibati kidogo kilichoeleza kwamba chombo hicho kimetengenezwa kwa umeme wa Marekani, yaani volti 120. Nasi tulikichomeka katika umeme wetu wa volti 240.

Kazi ya fyuzi ni kufa ili chombo kipone. Lakini mtu fulani aliyetutangulia alikuwa ameiviringishia fyuzi ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ili isikatike tena. Ikawa kana kwamba mlinzi ameondolewa lindoni na mahali pake pamewekwa sanamu. Moshi ulitoka, harufu ya waya ulioungua ikajaa chumbani, na mchango wetu wa miezi mitatu ukanyamaza.

Tuliipeleka amplifaya hiyo kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza redio barazani, upande wa Nakawa. Mzee yule hakutucheka wala hakutukaripia. Aliifungua, akatuonyesha kibati na karatasi ya sigara, kisha akapangusa vumbi upande wa mbele hata jina la Fender likaonekana. Akatueleza kwamba mwenye jina hilo naye alikuwa fundi wa redio, mwenye kibanda na kisu cha kulehemu kama yeye. Tulidhani anajisifu. Tulipokwenda kusoma habari za mtu huyo, tuligundua kwamba mzee alikuwa amesema kweli tupu.

Clarence Leonidas Fender, aliyejulikana duniani kwa jina la Leo, alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 karibu na mji wa Anaheim, jimbo la California, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa. Alipokuwa na umri wa miaka 8 alipatwa na uvimbe katika jicho la kushoto. Jicho likaondolewa, akawekewa la kioo. Kwa sababu ya jicho hilo hakuchukuliwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Tunalitaja jambo hili makusudi, maana wako watu wanaodhani kwamba asiyefaa kwa gwaride hafai kwa lolote.

Akiwa kijana mdogo alimtembelea mjomba wake katika mji wa Santa Maria. Mjomba huyo alikuwa na duka la vyombo vya umeme, na alikuwa ameunda redio kwa mikono yake mwenyewe. Sauti yake kubwa ilimwingia kijana moyoni, na tangu hapo akawa mtu wa kufungua redio za majirani na kuzifunga zikiwa nzima. Shuleni, lakini, alisomea uhasibu, na kwa miaka kadhaa alipata riziki yake kwa kuandika hesabu za watu wengine. Mwaka 1934 alimwoa Bi. Esther Klosky.

Miaka hiyo ilikuwa ya dhiki kubwa ya uchumi nchini Marekani, na Leo alipoteza kazi ya uhasibu. Mwaka 1938 alikopa dola 600, akafungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Alitengeneza redio na gramafoni, aliuza sahani za santuri, na alikodisha vipaza sauti kwa mikutano na michezo. Polepole wakaanza kufika wanamuziki, kila mmoja akiwa amebeba chombo kibovu: huyu amplifaya yake inavuma, yule gitaa lake linapiga kelele kila anapoongeza sauti.

Hapo ndipo ilipokuwa shule yake halisi. Fundi anayepokea vyombo vibovu kila siku huona yale ambayo kiwanda hakiyaoni. Hujua ni waya gani hukatika kwanza, ni kifundo gani huisha mapema, na ni sanduku gani huvunjika linaposhushwa garini. Leo Fender alikusanya makosa hayo ya wengine kama ofisa wa upelelezi anavyokusanya habari, kisha akaanza kuunda vyombo vyake akiyaepuka. Wakati wa vita alishirikiana na mwanamuziki Clayton Kauffman kutengeneza magitaa ya kulaza magotini pamoja na amplifaya zake. Mwaka 1946 mwenzake alijitoa, naye akaanzisha kampuni yake mwenyewe. Mwaka 1950 alitoa gitaa la umeme lenye mwili wa ubao mzito usio na uwazi ndani, lililokusudiwa kutengenezwa kwa wingi na kurekebishwa kwa urahisi. Shingo yake ilifungwa kwa skrubu tu, na ikiharibika, hubadilishwa.

Sasa tuje kwenye besi. Kabla ya mwaka 1951 mpiga besi wa bendi ya dansi alitumia besi kubwa ya kusimama, yenye kimo kinachompita mtu. Ilifungwa juu ya paa la gari, ilivunjika njiani, na ukumbini haikusikika mara ngoma na tarumbeta zilipoanza. Zaidi ya hayo, shingo yake haikuwa na alama. Mpigaji alitafuta sauti kwa sikio na kwa mazoea ya miaka.

Leo Fender alichukua kazi ya mnyama huyo mkubwa akaitia katika chombo cha kuvaa begani kwa mkanda. Kilikuwa na nyuzi 4, na urefu wa uzi toka daraja hadi kichwani ulikuwa inchi 34, kipimo ambacho viwanda vingi vinakifuata mpaka leo. Juu ya shingo alipanga vijiti vya chuma, ili kila kidole kiangukapo kitoe sauti iliyo sahihi. Kwa ajili hiyo akakiita chombo hicho Precision, yaani usahihi. Chini ya nyuzi aliweka sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba; uzi wa chuma unapotetemeka juu yake, huzaa umeme mdogo sana, nao hupelekwa kwenye amplifaya ukakuzwe. Bei yake ilikuwa karibu dola 200.

Lakini amplifaya za wakati ule zilikuwa zimeundwa kwa gitaa la kawaida, na sauti nzito ya besi ilipasua spika zake. Fender alijua hilo kwa kuwa spika zilizopasuka ziliishia mezani kwake. Kwa hiyo mwaka 1952 alitoa amplifaya maalumu iliyoitwa Bassman, yenye spika moja ya inchi 15. Baadaye akaibadili ikawa na spika 4 za inchi 10. Chombo hicho kilisifika hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jim Marshall, mwenye duka la ngoma na magitaa mjini London, pamoja na mafundi wake, walifuata mpango wake wa nyaya karibu kama ulivyo walipounda amplifaya yao ya kwanza.

Jambo la kustaajabisha ni hili: Leo Fender hakujua kupiga gitaa. Alijua udhaifu wake huo, na kwa hiyo aliwasikiliza wajuao. Alikuwa na desturi ya kuwapa wanamuziki vyombo ambavyo bado anavijaribu wavipige mbele ya watu, kisha wamletee malalamiko. Waliporudi na lawama hakukasirika, alirudi mezani. Mwaka 1957 aliibadili sumaku ya besi yake akaigawa vipande viwili ili kupunguza mvumo wa umeme, na mwaka 1960 akatoa besi ya pili, Jazz Bass. Kamanda anayeuliza askari wa chini buti zinaumiza wapi atauelewa mwenendo huu.

Miongoni mwa watu wa kwanza kujulikana kwa besi hiyo ni Monk Montgomery, aliyeipiga katika bendi kubwa ya Lionel Hampton mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kutoka huko gitaa la besi lilisambaa duniani, na Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Lilishika uti wa mgongo wa bendi zetu za dansi, zikiwemo za vikosi. Wasomaji wa umri mkubwa watakumbuka Polisi Jazz ya Tanzania na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa. Na hapa Kampala, Afrigo Band iliyoanzishwa mwaka 1975. Katika bendi nyingi za Tanzania za wakati ule vyombo vilikuwa mali ya kikosi, chama au shirika. Mwanamuziki aliyehama aliacha gitaa na amplifaya nyuma yake, akaondoka na vidole vyake tu.

Mwenye kuunda vyombo hivyo naye alipatwa na mambo kama hayo. Katika miaka ya 1950 Leo Fender alipatwa na maradhi ya ndani ya pua na uso, yakamsumbua mwaka baada ya mwaka bila kupona. Akaamini kwamba siku zake zimekaribia. Kwa kutotaka kuacha kampuni kubwa bila mwangalizi, aliiuza. Januari mwaka 1965 shirika la utangazaji la CBS lilimlipa dola milioni 13. Kiwanda kilikwenda, michoro ilikwenda, na pamoja nayo likaenda jina la baba yake.

Muda si mrefu baada ya kuuza, akapata daktari aliyembadilishia dawa, naye akapona. Ebu tumfikirie mtu huyo, ndugu wasomaji. Ana fedha kuliko alivyopata kuota, ana afya, na mlangoni mwa kiwanda alichokijenga limeandikwa jina lake, ila si lake tena. Mkataba ulimkataza kushindana na wanunuzi kwa miaka 10. Katika miaka iliyofuata wapigaji wengi walilalamika kwamba vyombo vyenye jina lake havina tena ubora wa zamani, na lawama hiyo yeye hakuwa na uwezo wa kuiondoa.

Angaliweza kupumzika. Badala yake alirudi mezani. Muda wa katazo ulipokwisha mwaka 1975 akawa rais wa kampuni ya Music Man, na mwaka uliofuata kampuni hiyo ikatoa besi ya StingRay, yenye kikuza sauti kidogo kinachotumia betri ndani ya mwili wake. Mwaka 1979 mke wake Esther alifariki. Katika mwaka huohuo wa msiba aliungana na rafiki yake wa zamani, George Fullerton, kuanzisha kampuni ndogo ya G&L, iliyoitwa kwa herufi za kwanza za majina yao, George na Leo. Jina la Fender hakuweza kulitumia, basi alitumia alichobakiwa nacho. Mwaka 1985 wafanyakazi wa kampuni ya zamani waliinunua kutoka CBS kwa dola milioni 12.5 na kuanza kuurudisha ubora wake, lakini Leo hakurudi huko. Ingawa maradhi ya Parkinson yalikuwa yakimtetemesha mikono, aliendelea kwenda kazini G&L hadi siku zake za mwisho. Alifariki tarehe 21 Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 81.

Mzee wa Nakawa alitusukia upya waya za transfoma, akatutafutia transfoma nyingine ya kushusha volti 240 hadi 120, akatia fyuzi mpya iliyo sahihi. Karatasi ya sigara aliifunga katika kipande cha gazeti akatupa tukaiweke. Malipo aliyodai yalikuwa madogo kuliko aibu yetu, nasi tulimwongezea.

Basi, ndugu askari, ukinunua chombo kilichotumika, Bugolobi au kwingineko, dai hati, andika namba yake, geuza nyuma usome kibati, na fungua kikasha cha fyuzi kabla ya kuchomeka. Ukikutana na fundi barazani mwenye kisu cha kulehemu, usimpite kwa dharau. Besi yetu sasa inalia kila Jumamosi. Jirani wa ghorofa ya juu alituma mtoto kutuomba tupunguze sauti, kwa kuwa vikombe vyake vinacheza kabatini, nasi tumetii.